Meru, Lengai au Kilimanjaro: Pesa Yako Inanunua Nini?

Anayetaka kupanda mlima kwa mara ya kwanza huanza na bei. Aanze na siku. Mlimani karibu kila kitu huhesabiwa kwa siku: kiingilio cha hifadhi, malazi, chakula, malipo ya mwongozaji, ya mpishi na ya wagumu wanaobeba mizigo. Kampuni inayokupa bei ya chini ajabu huwa imekata siku, au imekata posho ya wagumu. Mara nyingine vyote viwili.

Chukua Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, njia pekee yenye mabanda ya kulala. Huuzwa kwa siku tano au sita. Kwa mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki, viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni ni dola 70 za hifadhi kwa siku na dola 60 za banda kwa usiku, kabla ya VAT ya asilimia 18. Siku ya ziada basi ni kama dola 153 za ada peke yake. Ndugu zetu wa ughaibuni wenye pasi za kigeni wajue kwamba nao wako kwenye fungu hilo, hata wawe wamezaliwa Kibosho. Raia hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana, kwa hiyo kwake kuongeza siku ya sita ni nafuu mno; asiiache. Hiyo ndiyo siku ya kupumzika kwenye banda la Horombo, mita 3,720, mwili uzoee hewa kabla ya kwenda Kibo na kisha Uhuru, mita 5,895. Wanaoiruka wengi huishia kutapika njiani na kurudishwa.

Meru ni mfupi, mita 4,562, lakini usiudharau. Unaanzia lango la Momella ukiwa na askari mwenye bunduki, maana nyati na twiga wako hapohapo njiani. Usiku wa kwanza unalala banda la Miriakamba, wa pili banda la Saddle. Mchana wa kufika Saddle, ukiwa na nguvu, panda Meru Ndogo, mita 3,820. Haikuongezei hata shilingi. Saa saba au nane usiku safari ya kilele inaanza: ukingo mwembamba wa kreta, majivu yanayoteleza, miamba ya kushika kwa mikono. Kwenye miamba hiyo fimbo ni usumbufu tu. Ifunge kwenye begi.

Wanaouza Meru kwa siku tatu hukushusha kutoka kileleni hadi langoni siku hiyohiyo, yaani zaidi ya mita 3,000 za kuteremka. Magoti hayasahau. Lipa usiku mmoja zaidi Miriakamba.

Lengai hauna hesabu ndefu. Mita 2,900 na ushee, hakuna banda wala maji, unapanda kuanzia usiku wa manane kukwepa jua na unarudi asubuhi. Mwongozaji wa Kimaasai na ushuru wa vijiji si tatizo. Tatizo ni gari la kukufikisha kijiji cha Engare Sero. Mkiwa watano mnagawana, ukiwa peke yako utalia. Mteremko wake ni mkali kuliko yote niliyotaja.

Vifaa usinunue vipya. Soko la Memorial, Moshi, lina buti na makoti ya baridi ya mtumba. Jaribu buti ukiwa umevaa soksi nene, na ukunje soli uone kama imepasuka. Begi la kulalia kodisha.

Kabla ya kutoa kianzio, dai mchanganuo wa maandishi: ada zina VAT ndani? Wagumu wangapi, na wanalipwa kiasi gani kwa siku? Bakshishi imo au ni juu yako? Asiyetaka kuandika, muache. Kwa raia mwenye likizo ya wiki moja na asiyewahi kulala juu ya mita 3,000, mimi namshauri Meru kwa siku nne.