Kwa nini bingwa wa magari alishindwa na chupa

Kigali imeanza kuzoea habari za magari ya mbio. Desemba 2024 FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, lilifanya hapa mkutano wake mkuu na sherehe ya tuzo, na Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inataka kuandaa Formula One. Kwa wamotari wa Nyamirambo wanaofuatilia mchezo huu, napenda kuwatajia dereva mmoja wa zamani: Al Unser Jr., Mmarekani wa mji wa Albuquerque.

Baba yake alishinda Indianapolis 500 mara nne, amu yake mara tatu. Yeye alishinda mara mbili. Mwaka 1992 alimtangulia mpinzani wake kwa sekunde 0.043, na hadi wakati huo mbio hizo hazikuwa zimeona ushindi wa karibu kuliko huo. Miaka hiyohiyo ya vikombe, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake cha 2021, alikuwa anakunywa na kutumia kokeni. Mwaka 2002 alikamatwa, kisha akaenda kutibiwa ulevi. Alikamatwa tena kwa makosa ya kuendesha gari 2007, 2011 na 2019. Baada ya hapo ndipo alipoacha.

Mtu mwenye jicho na mkono wa namna ile alishindwaje na glasi? Mtaani jibu liko tayari: hana msimamo. Nalikataa jibu hilo, na sayansi inalikataa pia. Pombe hufanya ubongo umwage dopamini, kemikali inayoweka alama kwenye jambo ili mtu alirudie. Alama hiyo inashika kila kitu: saa, kona ya baa, sauti ya rafiki anayeita. Miaka ikipita, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kukataa, inadhoofika. Raha yenyewe inapungua, na mtu anakunywa ili asiumwe. Karibu nusu ya hatari hii hurithiwa, na vikombe havimkingi mtu na alichozaliwa nacho.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui, nalo linaua. Pombe hukanyaga breki ya ubongo. Kwa mnywaji wa kila siku, ubongo hujibu kwa kukanyaga mafuta zaidi ili mtu abaki macho na aende kazini. Akiacha ghafla, breki inaachiwa huku mafuta bado yamekanyagwa. Katika saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa. Motari ambaye alfajiri hawezi kushika usukani wa pikipiki sawasawa mpaka apate funda la kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, na akilipata mkono unatulia, tayari ana ugonjwa wa uraibu. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wachache huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, wakapandisha homa. Kwa hiyo kumfungia mlevi chumbani "mpaka imtoke" ni hatari. Hospitalini atapewa dawa za kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo huweza kuharibika moja kwa moja.

Kutoa pombe mwilini huchukua siku kadhaa tu. Ile alama ya ubongoni hubaki, na ndiyo sababu watu huteleza hata baada ya miezi ya kutokunywa. Zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni, lakini zinahitaji kwenda pamoja na ushauri nasaha na watu wa kumshika mkono. Mkenya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia za riadha katika siku 81 mwaka 1978, alirudi matibabuni mara kadhaa kabla ya kuacha. Aliwahi kukosa hata pa kulala. Kwa sadfa naye aliishi Albuquerque, akafundisha na kunoa wanariadha huko, akarejea Kenya 2019. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 72.

Kampeni ya TunyweLess iliyoanzishwa na serikali 2023 inawaomba Wanyarwanda wapunguze. Ushauri mzuri kwa anayeweza kupunguza. Mraibu hawezi, naye anahitaji daktari. Na hapa Nyamirambo, mtaa wa misikiti na majirani wanaojuana kwa majina, mnywaji hujificha zaidi. Nyumbani wanasema ana malaria, na mwaka unapita. Aibu hiyo inawachelewesha watu mpaka ini limeharibika au pikipiki imeingia chini ya lori.

Ndugu msomaji, ukimwona wako anatetemeka asubuhi, usimtukane wala usimmwagie chupa yake ukamwacha peke yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako kuna wahudumu wa afya ya akili. Wao wataweza kumtuma hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, au kituo cha Icyizere Kicukiro, au Isange kule Huye. Hata akiwa ameshateleza mara tatu, mpeleke ya nne. Kwa ushauri piga 114, namba ya bure ya RBC, taasisi ya taifa ya afya.