Fishi ya Dawa Mjini Goma

Oksitosini humwokoa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikipatwa na joto, nguvu yake hupungua huku rangi ikibaki ileile, na mkunga anayeidunga hana dalili ya kumwonya.

Goma iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, na barabara ya kutegemewa kati ya miji hiyo haipo. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Dawa ikikosekana, ni rahisi basi kulaumu njia peke yake.

Lakini tuukumbuke mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, ulioua watu 2,287. Chanjo yake ilitaka baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na bado watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, wengi wao katika maeneo ya vita. Ilibebwa ndani ya Arktek, chombo kilichotengenezwa kama chupa ya chai, kinachotunza baridi hiyo siku kadhaa bila umeme. Fedha zilikuwepo. Na idadi ilijulikana: waliokutana na mgonjwa, kisha waliokutana na hao. Majina yao ndiyo yaliyoamua dozi ngapi zipakiwe.

Oksitosini haina orodha ya majina; ina fishi ya stoki, kadi ya kuandikia dawa zilizotumika. Tuseme kituo hutumia chupa 60 kwa mwezi. Dawa ikikosekana siku 15, fishi itaonyesha 30 zilizotumika. Anayeagiza kwa kufuata fishi ataomba 30, nazo zitaisha katikati ya mwezi ujao. Upungufu umezaa upungufu, barabara ikiwa wazi kabisa! Bohari ya dawa, hata kubwa kama ya ASRAMES pale Goma, itajuaje mahitaji halisi? Kurekebisha ni hesabu ya shule ya msingi: chupa 30 zigawanywe kwa siku 15 ambazo dawa ilikuwepo. Ni 2 kwa siku, 60 kwa mwezi.

Kambi za wakimbizi wa ndani kama Bulengo zilipofurika, hata hesabu hiyo haikutosha. Ilibidi kuhesabu wajawazito wenyewe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kabetosini isiyohitaji friji, dawa ya kazi hiyohiyo ya kuzuia damu. Naisubiri kwa hamu katika kila kituo cha Kivu. Nayo itaandikwa kwenye fishi ileile.