Gavana wa Kura: Habari za Bw. William Kabogo Gitau wa Kiambu

Neno "Gavana" si geni masikioni mwa wazee wa Ruiru na Thika. Hapo zamani mtu aliyetaja Gavana alimaanisha mtu mmoja tu katika Kenya nzima, aliyekaa Nairobi na kutawala kwa jina la Mfalme au Malkia wa Uingereza. Sir Philip Mitchell alikuwa Gavana, kisha Sir Evelyn Baring, kisha Sir Patrick Renison, na wa mwisho wao alikuwa Malcolm MacDonald, aliyeshika cheo hicho mwaka 1963. Hakuna mkulima wala karani wa Kiambu aliyeulizwa kama anawataka mabwana hao au hawataki. Walifika kwa amri ya London, na kwa amri ya London waliondoka.

Neno hilo likalala kwa muda wa miaka 50 hivi. Lilipoamka mwaka 2013 lilikuwa na maana nyingine kabisa. Magavana sasa walikuwa 47, kila mmoja na kaunti yake, na kila mmoja alipata cheo kwa kura za watu wa kaunti hiyo. Gavana wa kwanza wa Kiambu chini ya mpango huo mpya alikuwa Bw. William Kabogo Gitau. Yafaa tuzitazame habari zake kwa makini, maana safari yake katika siasa yaonyesha wazi jinsi cheo kinavyotolewa na raia, na jinsi raia hao hao wanavyoweza kukichukua tena.

MBUNGE WA JUJA

Bw. Kabogo alizaliwa mwaka 1961. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mfanyabiashara. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2002 aligombea ubunge wa Juja. Wakati huo Juja ilikuwa eneo kubwa mno, lililokusanya miji ya Thika, Ruiru na Juja yenyewe, pamoja na mashamba ya kahawa na mitaa mipya iliyokuwa ikiota kando ya barabara ya Thika, Kahawa Sukari ukiwa mmoja wao. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za vyama viwili vikubwa, NARC na KANU. Bw. Kabogo hakupitia katika kimojawapo. Alisimama kwa chama kidogo kiitwacho Sisi kwa Sisi, naye akashinda.

Miaka 5 ikapita. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 Bw. George Thuo wa chama cha PNU alitangazwa kuwa mshindi wa Juja, na Bw. Kabogo akapoteza kiti. Kila msomaji akumbuka yaliyofuata uchaguzi ule nchini. Damu ilimwagika, nyumba zilichomwa moto, na watu wengi walifukuzwa makwao. Katika miezi ile ya giza wengi waliamini kwamba ugomvi wa kura hauwezi kuamuliwa na mahakama.

Bw. Kabogo alikwenda mahakamani. Kesi ilichukua muda mrefu, na kwa zaidi ya miaka 2 mwenziwe aliendelea kukaa Bungeni. Hatimaye, mwaka 2010, Mahakama Kuu iliona kwamba uchaguzi wa Juja haukuendeshwa ipasavyo, ikaubatilisha. Uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 20 Septemba 2010, na Bw. Kabogo, safari hii kwa chama cha Narc-Kenya, akarudi Bungeni.

Tarehe hiyo yafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Ni majuma machache tu kabla yake, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilipotangazwa kuwa sheria. Bw. Kabogo alirudi Bungeni wakati nyumba ya serikali ilikuwa ikijengwa upya, na chumba kimoja cha nyumba hiyo kiliitwa Kaunti.

CHEO KIPYA

Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulifanywa tarehe 4 Machi 2013. Ile Juja ya zamani ilikuwa imekwisha kugawanywa, na Ruiru, Juja na Mji wa Thika yakawa maeneo bunge matatu mbalimbali. Kiambu nzima ilipata maeneo bunge 12 na wadi 60. Kahawa Sukari ikawa mojawapo ya wadi 8 za Ruiru. Bw. Kabogo aligombea ugavana kwa tikiti ya chama cha TNA, akashinda.

Hapana budi tueleze kazi aliyokabidhiwa, maana hata leo wako watu wengi wanaomlaumu gavana kwa mambo yasiyo yake, na kumsamehe kwa yale yaliyo yake.

Katiba imeipa kaunti zahanati na hospitali zake, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, mabwana shamba na madaktari wa mifugo, barabara za kaunti, masoko, maji, uzoaji wa takataka, leseni za biashara na za vileo, na mipango ya majengo. Kodi ya viwanja nayo hulipwa kaunti. Lakini polisi si wa gavana. Walimu wa shule za msingi na za sekondari si wake. Hatimiliki za ardhi hazitolewi naye. Hata ile barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi Novemba 2012, ni ya Serikali ya Taifa. Kwa hiyo mtu wa Kahawa Sukari anayekanyaga matope kutoka nyumbani kwake hadi barabara kuu na apeleke malalamiko yake kaunti. Lakini akiibiwa njiani, na aende polisi.

Kazi ya gavana wa Kiambu si nyepesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba kaunti hiyo ina watu 1,623,282. Ilipofika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa wamefika 2,417,735, wakipitwa na Nairobi peke yake. Nao hawaishi maisha ya namna moja. Upande wa Limuru na Lari mkulima huamka akifikiria chai, maziwa na mboga. Upande wa Ruiru na Thika kahawa ilikuwa ndiyo sifa ya nchi. Ruiru ndipo walipo wataalamu wa utafiti wa kahawa, nayo ile aina isiyoshikwa upesi na magonjwa, iliyotolewa mwaka 1985, ikaitwa Ruiru 11. Lakini mengi ya mashamba hayo yamekatwa viwanja. Mahali palipokuwa na mibuni sasa pana nyumba za kupanga, na waliomo hupanda gari asubuhi kwenda kazini Nairobi na kurudi jioni. Mmoja anataka dawa ya mifugo na bei nzuri, mwingine anataka bomba la maji na mtaro wa maji machafu. Wote wawili wana gavana mmoja na mfuko mmoja.

KODI ILIYOBATILISHWA

Ni katika jambo la mfuko huo ndipo Serikali ya Bw. Kabogo ilipopata funzo kubwa, na Kenya nzima ikajifunza pamoja nayo.

Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha, iliyoweka kodi na ada mbalimbali. Wananchi fulani hawakuridhika. Hawakurusha mawe wala hawakuziba barabara. Walikwenda Mahakama Kuu wakasema kwamba watu wa Kiambu hawakushirikishwa ipasavyo kabla sheria ile haijapitishwa. Kaunti ilijibu kwamba ilikuwa imetangaza habari hizo magazetini.

Aprili 2014 Jaji George Odunga akatoa hukumu. Alisema kwamba kuwashirikisha wananchi si jambo la kutimizwa kwa jina tu. Tangazo la gazeti halitoshi, kwa kuwa si kila mtu anasoma gazeti. Serikali ya kaunti imepasiwa kuwatafuta watu pale wanapokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza ya hadhara, na katika redio, zikiwamo zile zinazosema kwa lugha za nyumbani. Kwa sababu hayo hayakufanywa ya kutosha, sheria ile ikabatilishwa.

Msomaji na apime uzito wa jambo hilo. Wakati wa magavana wa zamani kodi ya kichwa na ya kibanda ilitangazwa, na aliyeshindwa kuilipa alikamatwa. Sasa raia wa kawaida walimwambia gavana kwamba hakuwauliza, na mahakama ikawaunga mkono. Tangu siku hiyo hukumu ya Kiambu imetajwa mara nyingi katika mahakama za Kenya kila panapotokea ubishi juu ya haki ya wananchi kusikilizwa kabla ya sheria kutungwa.

KURA HUTOA, KURA HUTWAA

Katiba yamruhusu gavana kutumika vipindi 2 vya miaka 5. Bw. Kabogo alitaka kipindi cha pili, lakini hakukipata. Washindani wake katika chama waliungana dhidi yake, na katika mchujo wa chama cha Jubilee wa Aprili 2017 alishindwa na Bw. Ferdinand Waititu, aliyekuwa mbunge wa Kabete. Bw. Kabogo akaingia katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 kama mgombea wa kujitegemea, akashindwa tena. Alipewa cheo kwa kura, na kwa kura kilichukuliwa.

Huenda msomaji akadhani kwamba njia ya kumwondoa gavana ni kura tu. Sivyo. Bw. Waititu naye hakumaliza kipindi chake. Tarehe 19 Desemba 2019 Bunge la Kaunti ya Kiambu lilipiga kura ya kumwondoa kwa madai ya kuvunja sheria na kutumia madaraka vibaya. Jambo hilo likapelekwa Seneti kama sheria inavyotaka, na tarehe 29 Januari 2020 maseneta wakalithibitisha. Naibu wake, Bw. James Nyoro, akaapishwa kushika nafasi hiyo.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulipofika, Bw. Kabogo alijaribu tena, safari hii akiwa kiongozi wa chama chake mwenyewe, Tujibebe Wakenya. Katika kinyang'anyiro hicho walikuwamo pia Bw. Nyoro, Bw. Moses Kuria, Bw. Patrick Wainaina na Seneta Kimani Wamatangi wa chama cha UDA. Bw. Wamatangi akashinda. Hivyo katika chaguzi 3 za kwanza za ugavana watu wa Kiambu walichagua magavana 3 mbalimbali, na hapana hata mmoja katika watatu wa kwanza walioshika cheo hicho aliyefaulu kuchaguliwa tena katika uchaguzi uliofuata.

Lakini safari ya Bw. Kabogo haikuishia hapo. Desemba 2024 Rais William Ruto alimteua kuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali. Akahojiwa na kukubaliwa na Bunge, na Januari 2025 akaapishwa. Mtu aliyeanza kwa chama kidogo katika Juja akawa ameonja ubunge, ugavana na uwaziri, na katikati ya hayo ameonja kushindwa mara kadhaa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

FUNZO KWETU

Wako watakaomsifu Bw. Kabogo na wako watakaomlaumu. Hiyo ni haki yao. Sisi twaona kwamba funzo kubwa zaidi si la mtu mmoja, bali la cheo chenyewe. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana huulizwa hesabu na aliyemwekea. Asiyeuliza asilie mali ikipotea.

Basi mkulima na karani wafanye nini? Kwanza, wajue tarehe. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na sheria yataka makadirio ya matumizi yafikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kupita. Kwa hiyo mikutano ya kuwasikiliza wananchi ina majira yake, kama vile kupanda kulivyo na majira yake. Aendaye shambani baada ya mvua kwisha asilaumu mbegu. Pili, wajue jina la mwakilishi wa wadi yao. Yeye ndiye anayeketi katika Bunge la Kaunti kwa niaba yao, naye ndiye wa kwanza kuulizwa kwa nini soko halina choo au zahanati haina dawa. Tatu, wasidharau mchujo wa vyama. Mwaka 2017 jambo kubwa la Kiambu lilikuwa limekwisha kuamuliwa mwezi wa Aprili, na waliongoja Agosti walikuta njia imekwisha kukatwa.

Watu wa Kahawa Sukari, ambao wengi wao hulala Kiambu na kufanya kazi Nairobi, yawapasa kulifikiri jambo hili zaidi ya wengine. Ni rahisi mtu kuzijua habari zote za mji anaofanyia kazi na asijue lolote la kaunti anayoilipia kodi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kaunti sasa liko wazi kwa sheria, na mahakama imekwisha kusema hivyo. Kilichobaki ni wenye mali waende kulisoma.