Kamera Lazima Imwonyeshe Mpagazi

Katika filamu ya Tarzan iliyotoka mwaka 2016, ofisa wa Kibelgiji aitwaye Léon Rom anaishia tumboni mwa mamba. Watazamaji wanaridhika, maana tangu mwanzo wa hadithi mtu huyo ni katili. Lakini Rom hakubuniwa na mwandishi yeyote. Alikuwa mtumishi wa Dola Huru ya Kongo, dola ya Mfalme Leopold II, na mwaka 1895, alipokuwa mkuu wa kituo cha Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, msafiri Mwingereza E. J. Glave aliandika kwamba vichwa vya watu 21 vilipangwa kuizunguka bustani ya maua mbele ya nyumba yake. Hakuna mamba aliyemla. Alirudi kwao, akaandika kitabu kuhusu watu wa Kongo, akafa Ubelgiji mwaka 1924.

Kwa msomaji wa Kasongo, Kabambare au Wamaza, habari hiyo haiko mbali. Majeshi ya dola hiyohiyo ndiyo yaliyoiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, kisha Kasongo tarehe 22 Aprili. Kwa hiyo tunapoulizana kama filamu imekifuata kitabu chake kwa uaminifu, sisi wa Maniema ya kusini tuna sababu ya kuuliza kwa makini kuliko wengine. Nchi hii na watu wake wamepita mikononi mwa waandishi wa riwaya, wachora katuni na watengeneza sinema kwa zaidi ya karne moja.

Kila filamu inayotokana na kitabu hupunguza. Waandishi wa miswada hukadiria ukurasa mmoja wa muswada kuwa dakika moja ya filamu, hivyo filamu ya saa mbili ina kurasa kama 120 zenye nafasi nyingi nyeupe, wakati riwaya yaweza kuwa na kurasa 400 zilizojaa maneno. Wahusika wawili wataunganishwa kuwa mmoja, safari tatu zitakuwa moja, na mawazo ya moyoni yatageuzwa kuwa tendo. Kumlaumu mwongozaji kwa hayo ni kumwonea. Mimi hutazama mambo mengine. Katika kitabu mhusika huyu alijua nini? Alisema kwa lugha gani? Mateso ya nani yalihesabiwa? Hayo yakibadilika, hata kama kila vazi na kila kovu ni lilelile, tunatazama mtu mwingine aliyepewa jina la yule wa kwanza.

Tarzan mwenyewe ni mfano mzuri. Edgar Rice Burroughs, Mmarekani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimtoa katika gazeti la hadithi mwaka 1912, kisha katika kitabu mwaka 1914. Tarzan wa kitabuni ni msomi wa ajabu. Anajifundisha kusoma Kiingereza peke yake kwa vitabu vilivyoachwa na wazazi wake kibandani pwani, anakiandika kabla hajawahi kukisikia, na lugha ya kwanza ya binadamu anayoitamka ni Kifaransa, kwa kufundishwa na ofisa mmoja aitwaye D'Arnot. Mwaka 1929 Hal Foster alipoanza kumchora katika katuni za magazeti, aliweka masimulizi chini ya picha na kuifuata riwaya kwa karibu. Miaka mitatu baadaye ikaja filamu ya kampuni ya MGM, na ndani yake Johnny Weissmuller, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea. MGM ilikuwa imenunua haki ya kumtumia mhusika bila kununua hadithi ya riwaya. Ni biashara ya kawaida katika sinema, na msomaji anayeshangaa kwa nini shujaa wake amebadilika mara nyingi atapata jibu ndani ya mkataba. Tarzan wa filamu hiyo hana wazazi wanaotajwa, hana vitabu, na anasema neno mojamoja kama mtoto anayejifunza. Jane Porter wa Marekani akawa Jane Parker wa Uingereza. Kwa kuwa sinema ilifika mahali ambapo kitabu hakikufika, huyo asiyejua kusema ndiye aliyekaa vichwani mwa watu.

Kilichopotea zaidi ni kitu kingine, na wachache hukitaja. Burroughs anaeleza kwa nini watu wa chifu Mbonga walihamia karibu na kibanda cha Tarzan: walikuwa wakimbizi kutoka Dola Huru ya Kongo, waliochoshwa na askari waliowasumbua kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Anamtaja Leopold II kwa jina na kumwita mnafiki mkubwa. Hayo yalichapishwa miaka michache tu baada ya mfalme huyo kufa mwaka 1909, katika hadithi ya kuburudisha vijana wa Marekani. Filamu ya mwaka 1932 imejaa pembe, maana safari yake yote ni ya kutafuta makaburi ya tembo. Ila wale waliolazimishwa kuzikusanya pembe hawamo.

Hapo filamu ya mwaka 2016 inastahili sifa yake. Imerudisha madeni ya Leopold, minyororo na askari wake. Imemleta hata George Washington Williams, Mmarekani mweusi ambaye kweli alifika Stanley Falls na mwezi Julai 1890 akamwandikia mfalme barua ya wazi ya kumshtaki kwa dhuluma. Lakini katika filamu Williams ni rafiki wa safari mwenye bunduki, wakati silaha ya Williams wa historia ilikuwa kalamu, na alifariki Blackpool, Uingereza, mwaka 1891, akiwa bado hajaona matunda ya barua yake. Nami sikubaliani na yule mamba. Kumwadhibu Rom kwenye skrini kunamrudisha mtazamaji nyumbani akidhani deni limelipwa. Utawala ule uliendelea hadi mwaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake.

Wala nisieleweke kwamba nataka Burroughs afuatwe neno kwa neno. Ukurasa uleule unaomlaani Leopold unawachora watu wa Mbonga kama wala watu wenye meno yaliyochongwa. Mwongozaji atakayekuwa mwaminifu kwa kila mstari atalirudia tusi hilo kwa picha na sauti, na tusi la picha huuma kuliko la maandishi. Steven Spielberg alipotengeneza filamu ya Tintin mwaka 2011, alichanganya vitabu vitatu vya Hergé, mchoraji wa Tintin, na hakugusa kile cha Kongo cha miaka ya 1930 na 1931. Hata mfululizo wa televisheni wa miaka ya 1991 na 1992 ulikiruka. Hergé mwenyewe alikuwa amekwisha kukirekebisha: katika toleo la rangi la mwaka 1946, somo ambamo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Michoro ya nyuso ilibaki ilivyokuwa. Mkongomani mmoja alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikayakataa madai yake.

Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 iitwayo The African Queen inatufikia kwa karibu zaidi. John Huston alipoitengenezea filamu mwaka 1951, sehemu ya kazi ilifanyika kwenye mto Ruiki karibu na Ubundu, mahali meli zinazoteremka kutoka Kindu zinapokomea. Katika riwaya, mashua ya mashujaa wake wawili inazama kwa dhoruba kabla ya kuipiga meli ya Wajerumani, na kazi hiyo inamalizwa na boti za jeshi la Uingereza. Filamu imewapa mashujaa ushindi wao wenyewe, na nadhani kwa sinema Huston aliamua vizuri. Ila kitabu na filamu vyote viwili vimeiacha njia ya kweli iliyopitwa na boti hizo. Boti mbili za Uingereza, Mimi na Toutou, zilikokotwa nchi kavu kuvuka milima ya Katanga mwaka 1915, zikateremshwa kwa Lualaba hadi Kabalo, zikapakiwa kwenye treni kuelekea Ziwa Tanganyika, na Februari 1916 kikosi chao kikaizamisha meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann. Waliofyeka njia na kuvuta kamba walikuwa Wakongomani. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2014 ndipo Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, atoe kitabu cha katuni Madame Livingstone, ambamo vita vile vya ziwani vina Mwafrika katikati ya hadithi, mwongoza njia anayejitangaza kuwa mtoto wa David Livingstone. Hicho kingefaa kutengenezewa filamu.

Kitabu ninachotamani kukiona kwenye skrini kuliko vyote kilisimuliwa kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake uzeeni huko Unguja. Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Wilfred Whiteley akayafasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na padri François Bontinck kwa Kifaransa mwaka 1974. Makao yake katika nchi ya Maniema yalikuwa Kasongo. Mfanyabiashara wa watumwa katika filamu za zamani kuhusu Afrika huwa na kilemba, mjeledi na maneno machache ya vitisho. Mtu anayesema katika kitabu hiki anahesabu pembe kwa frasila, anataja mali aliyoikopa kwa Taria Topan wa Unguja, anakumbuka nani alimdanganya bei, na anajisifia hila zake bila aibu. Kuhusu msafiri Stanley, aliyekutana naye karibu na Kasongo mwaka 1876, ana malalamiko ya ahadi zisizotimizwa ambayo hutayapata kwa Stanley mwenyewe. Filamu zilizomfuata Stanley zimesikia upande mmoja.

Kuna kisa kimoja cha Utetela ambacho kila mwandishi wa muswada angekililia. Tippu Tip anasikia kwamba chifu mzee Kasongo Rushie alipotelewa na ndugu zake wa kike, waliotekwa katika vita vya zamani. Anauliza majina, anayakariri, kisha anaingia nchini akisema yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee anampokea kwa furaha, anamkabidhi utawala, na anawaamuru watu wake wampelekee pembe zote. Ndivyo kitabu kinavyoeleza, kwa haraka na kwa kuridhika, na hakuna anayemuuliza mzee chochote. Kwenye filamu, uso wa Kasongo Rushie utajaa skrini wakati mgeni anasema uongo wake, na mwigizaji atalazimika kujua anaigiza nini. Je, mzee ameamini? Au ameziona bunduki nyuma ya mgeni, akaona afadhali kuwa naye kama mjukuu kuliko kuwa naye kama adui? Mwandishi wa kitabu angeweza kuliacha swali hilo. Kamera haiwezi.

Jambo la pili gumu ni mji wenyewe. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la Dola Huru mwaka 1893, alieleza nyumba zenye vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa na vyombo vya fedha, na pembeni mashamba ya miwa na michungwa. Mjenzi wa mandhari anayeweka vibanda vya nyasi na ngoma atakuwa amewadanganya watazamaji. Lakini akiweka hariri peke yake atakuwa amedanganya pia, kwa sababu utajiri ule ulitokana na watu waliokamatwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wa soko la Nyangwe wakipigwa risasi, na alikadiria waliokufa kuwa mamia. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda, na ilipopigwa picha za kitaalamu na kusomwa mwaka 2011 ilionekana kwamba kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 kilikuwa kimehaririwa kwa namna iliyomsafisha yeye na watu wake. Kwa hiyo hata Livingstone tunayemjua alipitia mikono ya mhariri kabla sinema haijamgusa.

Tippu Tip naye alijihariri. Mateka wamo kitabuni mwake, lakini wanapita kama mzigo mwingine wa biashara. Filamu itakayomfuata kwa uaminifu kamili itanyamaza alipokaa kimya, na hapo ndipo naona sinema ina uwezo ambao kitabu hakina. Kitabuni pembe zinafika Tabora kwa sentensi moja. Kwenye filamu lazima mtu azibebe. Mwongozaji ataajiri waigizaji mia moja au mia mbili, ataamua nani kabeba frasila mbili begani, nani kafungwa shingoni na nani ni mpagazi wa kulipwa, wanakula nini wakipumzika Kabambare kabla ya kuendelea kuelekea ziwani, na wanazungumza lugha gani msimamizi akiwa mbali. Kibangubangu, Kikusu na Kizimba zitahitaji wazungumzaji wake halisi mbele ya kamera. Kasongo Rushie naye aseme Kitetela, na mkalimani akae kati yake na mgeni, kwa sababu masimulizi ya Tippu Tip yanampa mzee huyo Kiswahili ambacho huenda hakuwa nacho. Nafasi ya mkalimani nisingempa mwigizaji mdogo. Yeye ndiye mtu pekee mkutanoni anayesikia pande zote mbili, na ndiye anayeweza kujua mapema kuliko wote kwamba mjukuu huyu ni wa kubuni.