Meza Nzuri ya Sebuleni kwa Fedha za Kadiri

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940 hadi Umoja na Kayole, ambako maghorofa ya kupangisha yamesongamana hata jua linapata taabu kuzifikia njia, sebule si chumba cha anasa. Hapo ndipo mgeni anapokaribishwa, mtoto anapoandikia kazi ya shule, chama cha akina mama kinapokutana Jumapili na mahari yanapojadiliwa, na usiku ukiingia aghalabu godoro hutandikwa papo hapo kwa ajili ya jamaa aliyetoka mashambani. Katikati ya shughuli zote hizo husimama meza moja fupi, na kwa kuwa kila aingiaye huiona mapema, wengi wamedhani kwamba meza ya kupendeza haipatikani ila kwa fedha nyingi, wakaenda kukopa au wakakata tamaa. Nia yangu ni kueleza kwamba uzuri wa meza hutokana kwanza na kipimo chake, kisha na ubao wake, na kwamba mambo yote mawili yamo katika uwezo wa mtu wa mshahara wa kawaida.

Kipimo hakina gharama, na ajabu ni kwamba ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kiti cha kochi aghalabu huwa na kimo cha inchi 17 au 18 kutoka sakafuni, na meza yapasa ilingane nacho au ipungue kwa inchi moja au mbili, maana ikizidi hapo humfanya aliyeketi aonekane kama mtu aliye kazini, na ikishuka sana humlazimu mzee kuinama kila anapotaka kikombe chake. Urefu wake ukiwa kama theluthi mbili za kochi macho huridhika, hivi kwamba kochi la futi sita hufaana na meza ya futi nne. Kati ya kochi na meza iachwe nafasi ya futi moja na robo au futi moja na nusu, ili magoti yapite na sinia lipite. Mwenye shaka na atandaze magazeti sakafuni kwa ukubwa wa meza aitakayo, ayaache siku nzima watu wa nyumbani wakipita na ndoo za maji na watoto wakicheza, kisha aone yamekanyagwa upande gani. Huo ndio upande wa kupunguza. Na mkaazi wa ghorofa ya nne au ya tano asisahau kupima kona ya ngazi, kwani kazi nzuri nyingi zimekwama hapo na kurudishwa chini zikiwa zimekwaruzika. Akiiona kona ni nyembamba, aagize miguu ya kufungwa kwa bolti, ipande ngazi ikiwa mbali na uso wa meza.

Hapa sina budi kuzitetea stuli. Wapo vijana wanaozidharau siku hizi, wakiwa wameona picha za nyumba za ng'ambo zenye meza moja pana iliyotulia juu ya zulia, nao hutaka vivyo hivyo katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Walakini wazazi wetu wa Makadara, Jericho na Bahati, walipoagiza meza moja kubwa pamoja na stuli nne au sita za kuingia chini yake, kila moja na kitambaa chake kilichofumwa kwa mkono, walikuwa wamepata jawabu la dhiki ya nafasi ambalo sijaona bado jawabu lililolishinda. Wageni wakija, stuli huvutwa na kila mmoja hupata mahali pa kikombe na sahani yake bila kunyoosha mkono mbele ya mwenzake. Wakiondoka, hurudishwa ndani, na sakafu ikawa wazi kwa mtoto na kwa godoro. Kilichochakaa ni nakshi nzito na miguu iliyopindwapindwa, wala si fikra yenyewe. Mwambie fundi akutengenezee stuli tatu tu, zenye miguu myembamba iliyonyooka, za ubao ule ule wa meza, zipakwe vanishi isiyo na rangi, nawe utakuwa na kitu cha kisasa chenye manufaa ya kale.

Ama kuhusu ubao, yataka uangalifu, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi anapopunjwa. Mbao zinazofaa kwa mfuko wa kadiri ni mbili. Ya kwanza ni saipresi, mti wa asili ya Meksiko uliopandwa kwa wingi katika misitu ya serikali. Ya pili ni ile ambayo wauza mbao huiita mukima, mti wa asili ya Australia uliopandwa katika mashamba ya kahawa na chai ili kutia kivuli, na ambao ubao wake ukipigwa randa vizuri huonyesha madoa ya kumetameta kama hariri. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, saipresi iliadimika na bei ya mbao ikapanda, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kuiondoa marufuku hiyo. Katika muda huo miti ya mashambani iliwafaa sana mafundi, na mimi binafsi naona mukima ulistahili heshima hiyo tangu zamani. Mahogani itokayo Kongo kwa malori ni ubao wa fahari, lakini bei yake si ya makala haya.

Hila iliyozoeleka ni kuipaka saipresi rangi nyekundu iliyoiva na kuiuza kwa jina la mahogani. Dawa yake ni kuomba ruhusa ya kuipindua meza miguu juu. Chini ya uso wake rangi haikufika, au imepita kwa haraka. Ukiona ubao mweupe wa manjano wenye vifundo vya duara, na ukisogeza pua ukanusa harufu ya msitu wa baridi, hiyo ni saipresi, nayo si aibu, mradi uilipie bei ya saipresi. Ukiwa bado umeipindua, tazama miguu ilivyoungwa: mguu uliochongwa ulimi ukaingizwa katika tundu na kutiwa gundi hudumu miaka mingi, ilhali uliopigwa misumari peke yake huanza kucheza kabla mwaka haujaisha. Shika pembe mbili zinazokabiliana, uzisukume polepole kama anayeikamua nguo. Meza ikilia, iache. Mwisho, weka kiganja juu ya ubao usiopakwa kitu. Ukihisi ubaridi na uzito usio wa kawaida, huenda mbao zingali mbichi, na joto kavu la Januari na Februari litazifanya zinywee na kufungua nyufa ambazo kitambaa hakitazificha.

Kwa ajili hiyo nashauri meza iagizwe kwa seremala, ama katika soko la Gikomba ama kando ya barabara katika mtaa wako, wala isinunuliwe ikiwa imekwisha kung'arishwa. Mchoree umbo lake, mwandikie vipimo, nakala moja ibaki kwako. Mpe arubuni ya kutosha kununulia mbao, ukiituma kwa M-Pesa ili ujumbe wake ubaki kuwa shahidi kati yenu, kisha umwombe jambo moja tu: "Fundi, nionyeshe kabla hujapiga vanishi." Siku hiyo utaziona nyufa zilizozibwa kwa gundi na unga wa mbao, utapitisha vidole kwenye kingo kuona kama msasa umefika, na kasoro itarekebishwa bila ugomvi. Akipendezwa na miguu ya chuma, mnunuzi ataipata kwa mafundi wa Kariobangi au Kamukunji, na uso wa ubao ukafungwa juu yake. Mchanganyiko huo hupunguza mbao na hupendeza katika chumba kidogo. Nauli ya mkokoteni iulizwe mapema na kuhesabiwa ndani ya bei.

Njia nyingine nazitaja kwa ufupi. Meza ya emdiefu ni rahisi na laini, lakini chai ikimwagika ikapenya ukingoni, huvimba na haina tiba. Kioo sikipendekezi kwa nyumba yenye mtoto mdogo, isipokuwa kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika huwa punje butu na si visu. Mbao za paleti zitokazo viwandani hutoa meza nzuri kwa fedha haba, ila zikaguliwe mhuri wake: herufi HT zaonyesha kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, na MB kwamba zilifukizwa kwa sumu, hizo za pili zisiingizwe nyumbani.

Basi msomaji, kabla ya kuyaendea maduka makubwa ya mjini, mpitie kwanza seremala wa mtaa wako ukiwa na vipimo vyako mkononi, na kazi ikikamilika kama mlivyopatana, mlipe salio lake siku hiyo hiyo.