Utangulizi: Je, Hiari Yashinda Utumwa?

Ukipita karibu na gereji fundi akiwa anapiga rangi gari, harufu kali inayokukaba koo ni ya thina, na thina nyingi zina toluini. Fundi hajamwaga kitu mtaroni. Kilichokuwa ndani ya kopo kimepaa, na jioni hakuna awezaye kusema ni lita ngapi zimekwenda. Ikuze gereji hiyo hadi iwe kiwanda chenye matangi na mabomba, jambo litabaki lile lile: sumu nyingi ya viwandani huondoka kimya kimya, bila mtu kuihesabu.

Kitabu hiki kinahusu mipango ya hiari, yaani ahadi ambazo viwanda hutoa za kupunguza kemikali zenye sumu pasipo sheria kuvilazimisha. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Kwa viwanda, inabidi kwanza tupime, na kupima huko ndiyo taaluma unayokaribishwa kuingia. Mgeni asiogope hesabu. Nyingi ni za kutoa na kugawanya. Ugumu uko kwingine, kama utakavyoona.

Habari inaanzia Bhopal, India. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosianeti ilivuja katika kiwanda cha viuadudu cha Union Carbide, ikaua maelfu ya watu. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikitengeneza kemikali hiyo hiyo Marekani, huko Institute, West Virginia. Agosti 1985 kiwanda hicho nacho kikavuja, ingawa kwa kemikali nyingine, na watu zaidi ya mia moja wakapelekwa hospitali. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya haki ya wananchi kujua. Sehemu yake inayotuhusu haikukataza sumu hata gramu moja. Ilidai tu kwamba viwanda viandike kila mwaka vimetoa kiasi gani cha kila kemikali iliyoorodheshwa, hewani, majini na ardhini, na daftari hilo liwe wazi kwa yeyote.

Naomba usiipite sentensi hiyo haraka. Fomu za kwanza zilitakiwa katikati ya mwaka 1988. Muda ulipokaribia, mkuu wa Monsanto, Richard Mahoney, alitangaza kwamba kampuni yake itapunguza kwa asilimia 90 kemikali zenye sumu inazotoa hewani, ifikapo mwisho wa 1992. Hakuna sheria iliyomwagiza. Lakini kampuni ilikuwa imeshajumlisha tarakimu zake, na ilijua kuwa majirani nao wako mbioni kuziona. Mimi huiita hiyo hiari ya mwenye nyumba anayefagia ua kwa sababu amesikia hodi. Siidharau, ua umefagiliwa.

Februari 1991, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, likiongozwa na William Reilly, lilitumia daftari hilo kuanzisha mpango wa 33/50. Lilichagua kemikali 17: toluini na zailini za kwenye rangi, benzini, trikloroethilini ya kusafishia vyuma, madini kama risasi, zebaki, kadimi na kromu, na nyinginezo. Kampuni zikaandikiwa barua: punguzeni kwa asilimia 33 ifikapo 1992, na kwa asilimia 50 ifikapo 1995, tukihesabu kuanzia kiwango cha 1988, yaani pauni bilioni 1.5 hivi, karibu kilo milioni 680. Aliyekataa hakuadhibiwa. Aliyekubali hakulegezewa sheria yoyote. Alipata cheti na jina zuri. Kampuni zipatazo 1,300 zilijiunga, na nyingi zaidi zikakaa pembeni.

Kiwandani kwenyewe, mabadiliko hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Chukua kiwanda cha vipuri. Kipuri kikitoka kwenye mashine kimejaa grisi. Zamani kilining'inizwa juu ya tangi la trikloroethilini inayochemka. Mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka matone, matone yakashuka na grisi. Kipuri hutoka safi kabisa, ila mvuke mwingine huenda mapafuni mwa wafanyakazi na mwingine paani. Njia mbadala ni maji ya moto na sabuni ya viwandani, kisha feni ya kukausha kabla kutu haijaingia. Basi. Mhasibu akikaa chini na risiti, huenda akagundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakinunua kemikali ili ipae.

Lengo la asilimia 50 lilifikiwa mwaka 1994, mwaka mzima kabla ya wakati. Hapo ndipo wasomi walipochomoa kalamu.

Mpango ulizinduliwa 1991 lakini ukahesabu kuanzia 1988, kwa hiyo sumu iliyopungua kabla ya barua kuandikwa nayo iliingizwa kwenye sifa zake. Tena, kemikali mbili kati ya zile 17, kaboni tetrakloridi na trikloroethani, zilikuwa tayari zinapigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 2006 Shanti Gamper-Rabindran aliziondoa hizo mbili kwenye hesabu, na katika sekta nyingi hakuona kwamba mpango ulipunguza kitu. Madhu Khanna na Lisa Damon, mwaka 1999, walikuwa wameona faida ya kweli katika sekta ya kemikali. Mwaka 2007 Khanna huyo huyo, safari hii na Martina Vidovic, alirudia swali na kuona kwamba sehemu kubwa ya punguzo ingetokea hata bila mpango. Namheshimu sana kwa hilo. Si wengi wetu tunaorudi kukagua nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Ugumu niliokuahidi ndio huo: kujua kipi kingetokea hata hivyo. Wenye viwanda wakijisimamia wenyewe, mambo huweza kuwa mabaya zaidi. Andrew King na Michael Lenox walichunguza Responsible Care, mpango wa chama cha watengenezaji kemikali Marekani, na mwaka 2000 wakaonyesha kuwa wanachama walikuwa wakijirekebisha polepole kuliko wasio wanachama. Indonesia ilipita njia nyingine: mwaka 1995 ilivipa viwanda 187 alama za rangi, kuanzia dhahabu kwa visafi hadi nyeusi kwa vichafu, na kuvipa vichafu miezi michache vijisafishe kabla rangi zao hazijatangazwa.

Na pasipo daftari la wazi? Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, hakuwa na daftari la kufungua. Kwamba risasi ya betri hizo imefika nyumbani kwake, alijua pale damu ya mwanawe mchanga ilipopimwa.

Mpango wa 33/50 ulifungwa zamani. Daftari bado linachapishwa kila mwaka, na yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua. Kabla ya kusoma sura ya kwanza, lifungue, tafuta toluini, uanze na safu ya 1988.