Baba ana presha, familia inapenda kula: Tulivyojifunza upya kula nje

Dar es Salaam. Nilipokuwa mdogo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama alikuwa hawashi jiko jioni. Siku hiyo tuliiita siku ya kutoka. Baba alikuwa mwalimu, mshahara ukishaingia alitushika mikono mimi na kaka yangu, mama akafunga mlango, tukapanda daladala hadi kwenye banda moja la chipsi lenye meza nne za plastiki.

Kilichoagizwa hakikubadilika miaka yote. Sahani mbili za chipsi mayai tukila wanne, mishikaki miwili kila mtu, kachumbari ya kutosha na soda moja ya watoto wawili. Kaka alikuwa anaweka kidole kwenye chupa kuonyesha mpaka wake, nami nikichungulia nisidhulumiwe.

Mapenzi yangu ya chakula yalianzia pale. Hadi leo nikifika mji mgeni kikazi, swali langu la kwanza ni wapi wanapika vizuri. Moshi nitatafuta mtori, Unguja sitalala bila urojo, Mwanza nataka sangara au sato aliyetoka ziwani asubuhi.

Lakini miaka mitatu iliyopita siku ya kutoka ilikufa nyumbani kwetu, na mimi ninayeandika habari za afya kila wiki ndiye niliyeshiriki kuiua.

Siku mlango ulipofungwa

Baba alipimwa presha ikasoma 168 kwa 102. Akarudia siku nyingine, ikawa vilevile. Kwa mtu mzima, ikipimwa siku tofauti na kuendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Alipewa dawa na akaambiwa apunguze chumvi na mafuta.

Sisi nyumbani tulisikia neno "punguza" tukafanya "futa". Mama alificha chumvi. Nyama ikawa ya wageni. Kwenda kula nje likawa jambo lisilotajwa. Kila jioni baba alikuta ugali na mchicha wa kuchemsha, akila huku wengine tukila chetu pembeni chenye ladha. Hakulalamika, akimaliza alinawa na kwenda kulala.

Miezi sita baadaye presha ilikuwa bado juu. Mama alianza kuilaumu dawa. Siri ikatoka kwa mtoto wa kaka yangu, wakati ule akiwa na miaka sita. Babu yake ndiye aliyekuwa akimsindikiza shule. Jioni moja tukiwa mezani akasema tu, bila kuulizwa: "Babu akinywa supu ananipa soda na andazi ili nisiseme."

Hakuna aliyecheka. Baba aliangalia sahani yake. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapita kwa muuza supu, anaongeza chumvi kabla hata ya kuonja, na mjukuu anazibwa mdomo kwa soda saa moja asubuhi. Tulikuwa tunamlinda mgonjwa mmoja huku tukiandaa mwingine.

Muuguzi tuliyemsimulia kliniki hakumgombeza baba. Alituuliza sisi kama kuna yeyote kati yetu angeweza kula vile miezi sita bila kutoroka. Hatukuwa na jibu. Kutoka hapo tulianza upya, na tulianza na kile tulichokifuta: kula nje pamoja, wazi, bila kujificha.

Umaskini ulikuwa unatulinda

Nikikumbuka lile banda la chipsi, naona jambo ambalo sikuliona nikiwa mtoto. Tulikula chipsi mara moja kwa mwezi. Sahani moja ilikuwa ya watu wawili. Soda tuligawana. Mfuko wa baba ndio uliokuwa ukitupangia lishe.

Leo wengi wetu tuna nafuu kidogo ya kipato. Chipsi zinanunuliwa Jumatatu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, Jumatano kwa sababu dada wa kazi yuko likizo, Ijumaa kwa sababu ni Ijumaa. Bodaboda analeta hadi mlangoni. Kila mtoto ana sahani yake na chupa yake.

Chipsi mayai zenyewe hazijabadilika sana. Yai bado ni chakula kizuri kwa mtoto na kwa mtu mzima. Kilichobadilika ni mara ngapi tunakula na kiasi gani, kwa hiyo mzazi anayetaka kuirekebisha familia yake aanze kwa kuhesabu siku za wiki kabla hajaanza kupiga vyakula marufuku.

Nyumbani kwetu tulirudisha utaratibu wa zamani: siku ya kutoka ni mbili kwa mwezi, zinajulikana, na watoto wanazisubiri. Siku nyingine mtu akichelewa kuna maharage yaliyochemshwa kwenye friji na mayai kabatini. Wali, maharage na mboga ya majani hupikika muda uleule wa kusubiri bodaboda.

Chumvi isiyoonekana

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kilichosawazishwa, na ni ya milo yote kuanzia chai ya asubuhi hadi usiku. Mtoto anahitaji chini ya hapo kwa sababu mwili na chakula chake ni kidogo.

Mzazi atasema, mbona mimi siongezi chumvi mezani? Tatizo ni kwamba nyingi imeshaingia jikoni. Imo kwenye mchuzi, kwenye nyama iliyolazwa na viungo, kwenye viungo vya paketi na vya vidonge vinavyowekwa kwenye pilau na supu, kwenye soseji, kwenye tomato ya chupa na kwenye mkate. Magadi yanayolainisha makande na mlenda nayo yana sodiamu, madini yaleyale ya kwenye chumvi yanayopandisha presha.

Kwa hiyo tulijiwekea kanuni ndogo tatu tukiwa nje.

Ya kwanza, kuonja kabla ya kuongeza. Baba alikuwa na mkono uliozoea kwenda kwenye kikopo cha chumvi wenyewe. Siku hizi kikopo kinahamishiwa meza ya jirani, na ndimu inabaki. Ndimu, pilipili mbichi, kitunguu saumu na tangawizi hurudisha sehemu kubwa ya ladha ambayo watu hudhani ni kazi ya chumvi.

Ya pili, kuomba mapema. Kwa mama lishe au mchoma samaki unayemfahamu, ukisema kabla hajapaka kwamba wako asiwekwe chumvi nyingi, wengi wanakubali. Chipsi nazo ziombe zisinyunyiziwe, uweke mwenyewe kidogo.

Ya tatu, kutokunywa mchuzi wote. Supu na mchuzi ndiko chumvi ilikoyeyukia. Kula nyama na ndizi zake, bakuli lirudi na mchuzi chini. Baba alilalamika kuhusu hili kuliko yote, na sitajifanya kwamba amelizoea kabisa.

Kinachotia moyo ni kwamba ulimi hujifunza. Ukipunguza chumvi polepole, baada ya wiki kadhaa chakula kilichokuwa chapwa huanza kuwa na ladha, na kile cha zamani hukuonekana kikali.

Soda ya mtoto

Soda nyingi zenye sukari, za chupa ya mililita 350, zina gramu 35 au zaidi za sukari. Ni kama vijiko tisa vya chai. Ukimwona mtu anamwekea mtoto vijiko tisa kwenye kikombe cha chai utamzuia, lakini kwenye chupa baridi haionekani.

WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama vijiko sita. Chupa moja inamaliza fungu hilo na kulipita, na kwa mtoto wa miaka sita inalipita mbali.

Juisi isituponyoke. Juisi ya embe au ukwaju iliyoongezwa sukari iko kundi hilohilo, na hata ile isiyoongezwa, sukari ya tunda ikishakamuliwa huhesabiwa humo. Tunda lenyewe likiliwa zima halina tatizo hilo. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, vinywaji vya sukari havifai kabisa, iwe nyumbani au nje.

Hatukumkataza mtoto wa kaka yangu soda. Tulirudisha mpaka wa kidole: soda moja, watoto wawili, siku ya kutoka tu, na maji yanakuja mezani kwanza. Akishakunywa maji na kiu ikakatika, soda anakunywa kwa starehe, na mara nyingine anaiacha. Tulichokikataza ni soda kuwa zawadi au hongo. Babu alikubali kwa aibu kidogo.

Angalia karai, angalia mikono

Anayependa chakula hujifunza kuangalia jiko kabla ya menyu. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi, mazito, hutoa povu na moshi unaokereka, na chakula chake huacha ladha ya uchungu. Ukiyaona hayo, agiza cha kuchoma au kuchemsha, au nenda kwa jirani yake.

Angalia pia nyama mbichi inakatiwa wapi. Ubao na kisu vilivyokata kuku mbichi vikikata kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni, vijidudu vinahamia kwenye chakula kisichopikwa tena. Kuku na mishikaki viive hadi ndani, kusiwe na wekundu karibu na mfupa.

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kinachoandaliwa kula baadaye kinatakiwa kiwe cha moto kweli, zaidi ya nyuzi joto 60, au kiwekwe kwenye baridi. Kwa maneno ya mezani, wali usiotoa mvuke saa tisa alasiri usimpe mtoto.

Na kabla ya yote, maji yanayotiririka na sabuni. Ndoo yenye bomba ni bora kuliko beseni moja lililonawiwa na watu ishirini. Msimu wa mvua, kuhara na kipindupindu vinapotajwa mitaani, sisi huacha kachumbari ya nje na kula tunda tulilolimenya wenyewe.

Mdogo mezani

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula anaweza kushiriki siku ya kutoka, ila si kwa kila kinachopita. Samaki wa kuchoma ni mzuri kwake ukishapekua miiba kwa vidole vyako, si kwa macho tu. Ndizi zilizopondwa, viazi vya kuchemsha, maharage laini na yai lililoiva vinamfaa, vyote kabla ya chumvi kuongezwa.

Karanga nzima zisipewe watoto wadogo walio chini ya miaka mitano kwa kuwa zinaweza kuwapalia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali. Na chai, ya rangi au ya maziwa, isiwe kinywaji cha mlo kwa sababu hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili unachukua kutoka kwenye maharage na mboga. Kipande cha chungwa au tone la ndimu hufanya kinyume chake, huusaidia mwili kuyachukua.

Usimtoe mtoto akiwa na njaa kali. Sisi huwapa ndizi mbivu kabla ya kuondoka. Foleni ya mishikaki ni ndefu, na mtoto mwenye njaa ndiye anayepewa soda ili anyamaze.

Jumamosi iliyopita

Tulikwenda Coco Beach, sita sasa badala ya wanne. Tuliagiza mihogo ya kuchoma, samaki wawili wakubwa, mishikaki na kachumbari, tukagawana. Mama alibeba maji. Watoto wawili waligombania mpaka wa soda kama sisi zamani.

Baba alimwambia mchomaji mwenyewe, bila kusukumwa: "Wangu chumvi kidogo, mwanangu, ndimu usinibanie." Kisha akanigeukia: "Mama, na wewe andika huko kwenye gazeti lako kwamba supu bado naitaka." Ameipata. Ni Jumapili asubuhi, bakuli dogo, tukiwa wote.

Presha yake kliniki mara ya mwisho ilikuwa 136 kwa 84. Dawa anameza kila siku, na hilo sitaki msomaji alipitie haraka: chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake, na mtu hawezi kuacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri. Lakini ninaamini sehemu ya namba ile imetokana na kwamba hajifichi tena.

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa presha au sukari anayekula peke yake chakula chake cha adhabu, jaribu wiki hii kuwapikia wote sufuria moja yenye chumvi kidogo, kisha panga siku ya kutoka naye. Na mtoto akikwambia babu anakunywa supu, usimkaripie babu. Muulize ni supu ya wapi, mwende pamoja.